Mafuta ya Miti Minane

Kwa mwaka mzima Ginés alikuwa akiona wivu kimyakimya, na wivu wenyewe uliingia nyumbani kwa baiskeli.

Ilikuwa baiskeli ya betri, ya kijani, zawadi ya watoto kwa mama yao Fuensanta alipostaafu kazi ya kupika shuleni. Mwanzoni Ginés aliicheka. Mwanamke wa miaka sitini na miwili, na magoti ya mpishi, atafika wapi? Alifika mbali. Kila Alhamisi yeye na marafiki zake watatu waliteremka kutoka kijijini mpaka kwenye njia ya zamani ya reli, ile iliyopitisha treni za mafuta ya zeituni kabla vyuma havijang'olewa, wakaenda kilomita ishirini na mbili katikati ya mizeituni na kurudi. Kisha rafiki mmoja akaumwa nyonga, wa pili akaachiwa wajukuu, wa tatu akachoka tu. Fuensanta akaendelea peke yake, na habari zote alizorudi nazo zilikuwa na jina moja.

"Amador anasema mvua itachelewa mwaka huu."

"Amador kapata paka mpya."

"Amador anatia mdalasini kwenye kahawa. Hebu onja."

Ginés alionja, akasema inanuka kabati la nguo.

Amador huyu alifungua mgahawa kwenye jengo la kituo cha zamani. Alikuwa mjane, ana miaka hamsini na mitano, na, kwa maneno ya Fuensanta mwenyewe, nywele zake zote bado ziko kichwani. Ginés alikuwa na sitini na minne na za kwake zilishaaga zamani. Hakuwahi kwenda kumwona. Mizeituni haimpi mtu nafasi, alisema, na akabaki kwenye ngazi yake na mkasi wake huku roho ikimchoma kila Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi. Kwa hiyo mwezi Machi, mkewe alipomwambia wachukue siku mbili, wapande baiskeli pamoja na kulala upande wa pili wa milima, alikubali kabla hajamaliza sentensi. Fuensanta alifurahi mpaka akambusu utosini. Masikini, hakujua kwamba mwenzake haendi kutembea, anakwenda kukagua.

Njia ya reli haina ubaya kwa miguu ya mtu mzima, maana waliojenga reli waliogopa milima kuliko Ginés. Tatizo ni kwamba Fuensanta alitaka waiache kidogo, wapande mpaka kijiji cha juu, wakaone bonde lote. Nani alimwambia kuhusu hilo bonde? Amador. Basi Ginés akapanda, kwenye baiskeli kuukuu ya mwanawe, katikati ya safu za mizeituni iliyopogolewa wiki ile, moshi wa matawi ukimwingia puani. Mkewe alitangulia, akageuza, akarudi kumwangalia, akatangulia tena. Hakuwa akihema hata kidogo.

"Mume wangu, hiyo gia ndogo unamwekea nani?"

"Niache."

"Shuka ukokote, bwana. Nani anakuona huku?"

"Sishuki."

"Utanifia barabarani."

"Nikifa ukaolewe na Amador!"

Fuensanta alicheka. Alicheka mpaka baiskeli ikayumba. Kilichomuuma Ginés ni kwamba hakukasirika. Mwanamke asiye na lake angekasirika, alijiambia, na kwa hasira hiyo akafika juu bila kushuka, akaona bonde, akalichukia.

Waliporudi kwenye njia ya reli walipita handaki, wakatokea kwenye daraja refu la chuma. Fuensanta alisimama katikati, akapiga picha, akaituma kwa simu.

"Unamtumia nani?"

"Binti yako."

"Asubuhi yote hii hajajibu."

"Yuko kazini, Ginés. Mbona leo una maswali ya polisi?" Lakini alikuwa akitabasamu, na alipopanda tena alianza kuimba.

Walifika kituoni saa saba. Ginés alikuwa hajakanyaga pale tangu mwaka reli ilipofungwa. Alitazama dirisha la juu, ambako enzi hizo alikuwa akikaa Obdulia, dada yake mkubwa Amador, binti wa mkuu wa kituo. Wazo lilikuja na likapita. Obdulia aliolewa Barcelona, na yale yalikuwa mambo ya ujana. Leo alikuwa na kesi nyingine.

Amador alitoka na kitambaa begani, akambusu Fuensanta mashavu yote mawili. Ginés alihesabu. Mabusu yalikuwa mawili tu, kama inavyostahili, ila la pili lilichukua muda.

"Kaka Ginés! Hatimaye! Huyu dada kila wiki ananiambia utakuja, utakuja."

"Nimekuja," alisema Ginés.

Wakaketi ndani, karibu na dirisha la nyuma. Amador alileta mkate wa kuchoma, nyanya iliyosagwa na chumvi. Chupa ya mafuta ya wateja ilikuwa mezani tayari, lakini aliiondoa, akaenda jikoni na kurudi na nyingine, isiyo na karatasi wala jina.

"Haya siwapi wapita njia," alisema. "Haya nimemwekea dada Fuensanta, kwa siku ya leo."

Ginés alijimiminia. Mafuta yalikuwa ya kijani kizito. Alikata kipande, akatafuna, na mkono wake ukasimama hewani.

Kwanza lilikuja jani la nyanya. Kisha lozi mbichi. Kisha, wakati mtu anadhani yamekwisha, ule ukali mdogo unaokwaruza koo na kumfanya akohoe mara moja. Katika wilaya nzima, ambako kila kilima kina mzeituni wa aina moja ile ile, ladha hiyo ilitoka kwenye miti minane tu, na miti hiyo minane ilikuwa nyuma ya nyumba yake. Hakuna aliyejua jina la mbegu yake. Mafuta yake hayakuuzwa. Yalikaa ghalani kwao, na ufunguo wa ghala walikuwa nao watu wawili.

Aliweka uma chini.

"Umeanza lini kumletea?"

"Kumletea nani nini?" Fuensanta alikuwa bado anatafuna.

"Usinifanye mjinga. Mwaka mzima unambebea mafuta yangu kwenye mikoba ya baiskeli, halafu mnanikalisha hapa mnanionjesha, mnicheke vizuri!"

Watalii wawili wa meza ya mlangoni waligeuka. Fuensanta alimtazama mumewe, na jambo la ajabu, uso wake haukukunjamana. Uling'aa. Kwa miaka mingapi mtu huyu hakuuliza hata mkewe anakwenda wapi?

"Ginés," alisema taratibu, "wewe una wivu?"

"Nina macho! Na nina ulimi! Miti ile haijatoa hata kijiti kimoja nje ya ukoo. Hata kimoja! Kama mafuta yako hapa, kuna mtu ameyaleta, na huyo mtu hakuyaleta kwa ajili ya mkate."

"Kaka, tulia," alisema Amador.

"Na wewe nyamaza, mla vya watu!"

Hapo Amador naye alibadilika rangi. Alikuwa mtu mpole, lakini kuitwa mwizi mbele ya wateja ni jambo lingine. Alivuta kitambaa begani, akakitupa mezani.

"Mimi sijala cha mtu. Mafuta haya yametoka kwenye miti yangu, hiyo hapo nyuma. Na wewe unaijua, maana uliileta mwenyewe!"

"Mimi?"

"Wewe. Vijiti vinane vya kupanda ndani ya gunia lililoloweshwa, mwezi Februari, mwaka reli ilipofungwa. Mlichimba mashimo wewe na Obdulia, mimi nikawachotea maji. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, kaka, si mtoto. Nyumba nzima tulikuwa tukikuita shemeji."

Ginés alifungua mdomo. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema ni uongo, au amesahau, au walikuwa vijana. Lakini kilichotoka kilitoka chenyewe, kwa sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia kwa miaka arobaini.

"Aliniambia vilikauka."

"Vitatu vilikauka. Vitano aliviangalia yeye mwenyewe mpaka siku anaondoka."

"Obdulia aliniambia vyote vilikauka," alisema Ginés tena, safari hii kama anayejisemea, na alikuwa ameshageuza kichwa kuelekea dirishani, anaitafuta miti.

Alipokumbuka kwamba hayuko peke yake, alikuwa amechelewa. Fuensanta hakuwa akitabasamu tena. Alikuwa akimtazama mumewe hivyo alivyokuwa, kichwa kimegeukia dirishani, na Ginés aliutambua uso ule. Ndio uso aliouona kila Alhamisi kwenye kioo anaponyoa ndevu.

"Februari," alisema Fuensanta. "Sisi tulifunga ndoa Mei ya mwaka huo huo."

"Fuensanta, mke wangu..."

"Mama alikuomba kijiti kimoja. Siku ile ya harusi, mbele ya wajomba zangu wote, alikuomba kijiti kimoja apande uani kwake. Ukamwambia nini?"

Ginés alisogeza ile chupa ya mafuta kando.

"Ulimwambia miti ile haitoki kwenye ukoo. Akaona haya, akaomba radhi. Amekufa anajua aliomba kitu kikubwa mno."

Alifuta vidole vyake kimoja kimoja kwa kitambaa cha karatasi. Hakulia wala hakupaza sauti, na Ginés angetoa chochote apaze.

"Amador, mdogo wangu, nionyeshe hiyo miti."

"Nakuja nanyi," alisema Ginés, akisimama.

"Wewe kaa. Wewe unaijua."

Wakatoka kwa mlango wa nyuma. Kutoka pale mezani Ginés aliwaona vizuri. Mkewe alikwenda kwenye mzeituni wa kwanza, akauwekea kiganja kwenye shina, akaenda wa pili, akaenda wa tatu. Kwenye wa tano alisimama muda mrefu, mabega yakaanza kumtikisika. Amador alimsogelea, akamzungushia mkono, na Fuensanta akaegemeza kichwa chake pale.

Ginés alikaa, mkate ukiwa mbele yake, akitazama mkono wa mwanamume mwingine mgongoni kwa mkewe.