Mama Mkwe Kazaliwa kwa Mwenzangu

Nina wivu. Nasema mapema tusizungushane.

Mama mkwe wangu alilala kitandani miaka mingi, na aliyekuwa akimgeuza ni mimi. Mimi niliyempaka mafuta mgongoni asitoke vidonda, mimi niliyemlisha supu kwa kijiko, mimi niliyehamishia cherehani chumbani kwake ili akikohoa nisikie. Mke wa shemeji yangu, yule binti mwenye sauti ya kubembeleza, alikuwa anakuja Jumapili. Analeta maua, anamshika mkono, anaondoka. Na mama anamsifu wiki nzima!

"Yule ni satwa mtupu, utulivu umemjaa," aliniambia siku moja nikimbadilishia shuka. "Wewe mwanangu ni rajasi. Pupa tu, huku na huku, hutulii."

"Na hizi shuka angezifua nani, mama? Huyo mtulivu?"

Akacheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpigepige mgongoni. Nilimpenda, yule bibi. Nilimpenda kuliko alivyostahili.

Basi akafa. Sisi Wahindu hatusemi mtu amekwisha. Roho inahama na kuzaliwa tena, kwa kufuata karma yake, yale aliyoyatenda. Hata mwaka haujatimia, mke wa shemeji akajifungua mtoto wa kike. Sikio la kushoto limekunjika kwa juu, lile lile la mama mkwe! Nyumba nzima ikapiga vigelegele: mama amerudi. Mume wangu, mtu mzima na kipara chake, akapiga magoti mbele ya kitanda cha mtoto akalia.

Mimi nikaenda jikoni nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Sijajaliwa mtoto, na mama alilijua hilo vizuri. Alishaniombea mara ngapi! Leo anapita mlangoni kwangu bila hata hodi, anakwenda kwa mgeni wa Jumapili. Jamani!

Nikamfuata mwalimu wetu wa hekaluni, nikamkuta anakunja mikeka.

"Mwalimu, nimedhulumiwa."

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kama ni yeye, mimi sijui," akasema. "Ila roho hairudi kugawa zawadi, bibi. Hurudi palipobaki jambo. Labda na yule binti kuna kitu hawajakimaliza. Na wewe yameisha. Ulimtunza, akakubariki, mkaagana vizuri. Ungefurahi."

Nifurahi! Kumbe ningemnyima supu siku mbili tatu ningempata? Nilirudi nyumbani naongea peke yangu barabarani, watu wananipisha.

Jana mke wa shemeji akaja na mtoto begani. "Dada, nishikie kidogo nikaoge, kwetu maji yamekatika. Huyu akiwa na mama yake mkubwa hana shida."

Mlango wa bafu ukafungwa, maji yakaanza kumwagika. Nikamlaza mapajani. Akanitazama, na lile sikio lake, ametulia kama mwenye nyumba. Nikasema hapana, haiwezekani tukaachana hivi hivi. Lazima libaki jambo.

Nikamfinya paja. Si kwa mzaha, nilimfinya kwa kucha, na alama ikatokea.

"Haya," nikamnong'oneza. "Sasa mimi na wewe hatujamalizana. Safari nyingine utapitia kwangu, utake usitake."

Akaangua kilio. Moyoni nilikuwa na furaha, tena kubwa. Nimempata! Maji bafuni yakanyamaza.

"Dada, kuna nini?"

"Usingizi tu!" nikajibu, huku nalifunika paja kwa kanga.

Na mtoto akanyamaza. Hakubembelezwa, hakuimbiwa, nani angemwimbia? Alikikamata kidole changu, kile kile kilichomfinya, akakivuta mdomoni akakinyonya. Machozi bado yako mashavuni na ananichekea. Kisha macho yakalegea, akalala.

Mke wa shemeji akatoka na taulo kichwani, akasimama kutuangalia. "Ona anavyokupenda," akasema kwa ile sauti yake.

Hapo ndipo nilipolia, nikalia kwa sauti, mpaka akaogopa akanishika bega. Hakujua. Atajuaje? Amenisamehe, bibi huyu aliyelala mapajani mwangu. Jambo moja tu nililoomba libaki kati yetu, na hilo nalo amelimaliza.