Mlango wa Mvule

Mama Ryan, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliapa kwamba mambo yalikwenda hivi: maafisa wa majumba ya kale walifika mtaa wa pili, wakakuta nyumba imejaa masizi na kuku amelala juu ya kochi, wakaziba pua, wakapita. Nyumba ile haikuandikwa.

"Na isiyoandikwa inaangushwa," alisema. "Ghorofa inapanda juu yake."

"Wewe uliona?" Kageha akamuuliza.

"Niliambiwa na aliyeona."

Ikatosha. Mtaa wao wa nyumba za kanjo, zilizojengwa na baraza la jiji nyuma ya Jogoo Road, ulikuwa unangoja kuandikwa eneo la kihistoria. Kageha hakujua mengi ya historia. Alijua miguu ya mama yake, Ayuma, iliyovimba hata haimfikishi bombani. Chumba pekee walichoonyeshwa kwingine kilikuwa Tassia, orofa ya sita, ngazi tupu bila lifti. Mama akipandishwa kule, atashuka akiwa amebebwa.

Na kwao mgeni hakaribishwi penye uchafu. Wiki tatu Kageha alisugua. Akapaka mawe ya kuta rangi ya samawati. Vigae vya udongo vilivyoota kuvu vikashushwa, mabati mapya yakapanda, na majirani wa safu nzima wakamwiga. Mlango wa mvule, ambao babu yake aliukuta pale alipopewa nyumba akifanya kazi ya reli, akaung'oa akaweka wa chuma. Mama Ryan akaupeleka Soko la Burma kwa mchoma nyama.

Alhamisi afisa akaja, mwanamke kwa jina Mukami, faili kwapani.

"Karibu, madam!" Mama Ryan akamdaka. "Hata choo tumepaka rangi. Ukitaka kulala humo, ni wewe tu."

Mukami hakucheka. Alikwaruza rangi kwa ukucha, akatazama juu.

"Vigae viko wapi?"

"Tulitoa, madam," Kageha akasema. "Vilikuwa vibaya."

"Na mlango wa zamani?"

Kageha akamgeukia Mama Ryan. Mama Ryan akainamisha kichwa. "Huo ulishachoma mbavu za mbuzi, mama. Wiki iliyopita."

"Tunaandika nyumba iliyobaki ilivyojengwa," Mukami akasema polepole, kama anayempa mtu habari za msiba. "Safu ya kule nyuma, ile chafu, imeingia. Hii yenu ni mpya."

Ndani, Ayuma aliita, "Kageha, wageni wamepewa chai?"

Mukami alikuwa ameshafunika kalamu.

"Madam," Kageha akasema, "andika vile ilikuwa. Naijua yote. Kigae kilichopasuka kilikuwa hapa. Mlango ulikuwa unakwama ukinyesha, unausukuma kwa goti. Nitakuambia kitu kwa kitu, wewe uandike tu. Utaandika?"

Mukami aliyatazama mabati mapya yanavyong'aa juani, faili likiwa limefungwa kifuani.