Ruhusa ya Kuiona Mvua

Afisa wa uwanja wa ndege wa Guadalajara alikuwa amechoka, na Bernadine Olynyk alikuwa hoi zaidi yake. Aliulizwa amekuja kufanya nini. Akatoa jibu alilolitoa kila Novemba kwa miaka kumi na minane: likizo. Mhuri ukagongwa, akaburuta sanduku lake hadi nje, akalipokea jua usoni huku akitabasamu peke yake. Ndani ya pasipoti hiyohiyo, kurasa chache nyuma, ilikuwamo viza ya ukaazi aliyoihangaikia kwenye ubalozi mdogo wa nchi hii kule Calgary, kwao Kanada, mpaka miguu ikamvimba. Hakumwonyesha afisa. Wala haikumpitia akilini.

Na viza yenyewe aliitaka kwa jambo moja tu. Wastaafu wa Kanada wanaokuja Ajijic, kando ya ziwa Chapala, hufika theluji inapoanza kwao na kuondoka Pasaka, milima ikiwa mikavu na vumbi limetanda. Mtalii hupewa miezi sita, na miezi sita ya Bernadine ilikuwa ikiisha kila mwaka kabla ya wingu la kwanza. Doña Hermila, mjane aliyempangisha chumba miaka yote hiyo, hakuchoka kumtania. Eti mtu aliyeiona Ajijic ya kiangazi peke yake ameonja chumvi akadhani amekula chakula. Eti mvua ya Juni ikianza, mlima hugeuka kijani mtu akiwa anautazama. Bernadine, dereva mstaafu wa basi la shule, alikuwa na miaka sabini na mmoja na magoti yanayolalamika. Aliitaka mvua hiyo angali anaweza kupanda ngazi hadi juu ya paa.

Mwisho wa Novemba akaenda kwa wakili Baltazar Ureña, anayewashughulikia wageni karatasi zao, ili aombewe kadi ya ukaazi. Wakili akafunua pasipoti, akavua miwani. Kwa upole akamweleza kwamba ameingia kama mtalii. Viza ile ilipaswa kuonyeshwa mlangoni, na haikuonyeshwa. Angekuja mapema kidogo, angetoka nchini na kuingia tena. Sasa ilikuwa imekwisha muda wiki iliyopita. Hapana budi aanze upya, na aanzie kwao.

Alimkuta Hermila jikoni akikwangua miiba ya mpungate. Alipokwisha kumsimulia, mwenzake alicheka hadi akafuta machozi kwa aproni. Kisha kicheko kikamkatika.

"Hebu ngoja kwanza. Ruhusa ulipewa lini?"

"Mei."

"Na mvua ilianza Juni. Ulikuwa wapi?"

Bernadine akasema alikuwa nyumbani, Saskatoon. Bustani ilikuwa imechanua, wajukuu walikuwa likizo, na kwao hakuna mwenye akili timamu anayesafiri majira hayo. "Nilikuwa nangoja baridi," akamalizia.

"Basi, shoga yangu, miaka yote hii hukuwa ukija kwetu," Hermila akasema, akirudia mpungate wake. "Ulikuwa ukikimbia kwenu."

Maneno yale yalimchoma. Alitembea ufukweni mwa ziwa mpaka jua likapoa, akimkasirikia Hermila, kisha akijikasirikia mwenyewe. Kumbe afisa yule alimuuliza swali rahisi na yeye akamjibu kweli tupu. Likizo ndiyo aliyokuwa nayo humu siku zote. Alitandikiwa, akaandaliwa, akanyimwa hata kuosha kikombe chake, naye akaridhika. Aliona aibu, lakini chini ya aibu ile kulikuwa na raha fulani, kama ya mtu aliyeonyeshwa panapomuuma.

Pasaka akaondoka pamoja na wenzake. Calgary akapanga foleni tena na karatasi za pensheni yake, na mwisho wa Mei akapewa viza nyingine. Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Jioni za Saskatoon zilikuwa ndefu na tamu, stroberi zilikuwa zikianza kuiva, wajukuu walikuwa wamepiga hema uani na kumtengea nafasi ya kulala. Mwanawe Darrell akamwambia, "Mama, watu wanatafuta njia ya kuja huku sasa hivi, wewe unaondoka?" Na viza ilikuwa hai mpaka Novemba. Angeweza kungoja. Hilo ndilo lililomtisha, akainuka akakata tiketi ya Juni. Aliwabusu wajukuu hemani mmoja mmoja, akalia njia nzima hadi uwanja wa ndege.

Guadalajara aliifungua pasipoti mwenyewe kwenye ukurasa wa viza, akaweka kidole juu yake, na hakukiondoa mpaka afisa alipotikisa kichwa kukubali.

Ajijic ya Juni ilimpokea kwa joto la tanuri. Wakanada wote walikuwa wamekwisha kuondoka. Nyenje walipiga kelele kutwa mitini, na watu wakasema wanaiita mvua. Hermila alimkumbatia kwa nguvu, akamtazama, akamsukumia sinia la maharage achambue. Hakumuuliza kama amechoka. Baltazar akaanzisha mambo ya kadi, akasema safari hii hakuna kasoro.

Alasiri moja, Bernadine akiwa juu ya paa, upepo ukageuka. Nyenje wakanyamaza wote kwa pamoja. Wingu lilishuka kutoka mlimani likiburuta kivuli chake juu ya vigae vya mji, harufu ya udongo ikapanda, na matone ya kwanza yakampiga mikononi, mazito na ya baridi. Akasimama katikati ya nguo zilizoanikwa, uso juu, kinywa wazi, machozi yakichanganyika na maji. Hakusikia miguu ya Hermila ikipanda ngazi.

"We Bernadina! Mvua utaitazama kesho. Anua nguo!"

Katika miaka kumi na minane Hermila hakuwahi kumpandishia sauti. Bernadine akaanza na shuka.