Nyuma ya Vitabu vya Nyuki

Mitihani ilikuwa wiki ijayo, na yule msichana wa sekondari hakutulia kitini. Tangu muhula ufunguliwe alikuwa akikisaka kitabu cha kemia, na maktaba ya mtaa ilikuwa nacho kimoja tu, cha kusomea humo humo.

"Shangazi, maktaba gani hii?" alimwakia mkutubi, dada wa baba yake. "Mnatangaza masomo ya jioni ya bure, vitabu vyenyewe hewa!"

"Kimo humu humu, mwanangu, hakina miguu. Kuna mtu kakificha ili wenzake wasikiguse."

"Mchoyo mkubwa huyo!"

Kengele ya kufunga ilipolia, msichana alikikumbatia kitabu cha fizikia. Kesho wenzake wangemtangulia. Akanyata hadi rafu ya ufugaji wa nyuki, ambako hata vumbi halisumbuliwi, akakisukumia nyuma. Kikagoma kuingia. Akapapasa, akavuta kilichokizuia. Kemia!

"Shangazi, nimekipata!" likamtoka kabla hajafikiri.

Shangazi akaja mbio, uso umemchanua. Akaitazama rafu, akakitazama kitabu cha fizikia mkononi mwa msichana, na tabasamu likamkauka.

"Na wewe, mwanangu, huku ulifuata asali?"