Ndege wa Kapteni

Fundi redio alisogeza pembeni pasi mbili na feni isiyo na shingo ili Kapteni apate pa kuweka ndege yake. Ilikuwa ndege ya rimoti, ya mbao laini, mabawa yake mapana kama meza ya watu wanne. Bawa la kushoto lilining'inia kwa waya mmoja.

Kapteni hakuwahi kupanda ndege maishani. Alikuwa mtunza stoo mpaka alipostaafu, akajinunulia kofia yenye nanga. Nanga ni ya watu wa meli, lakini hakuna aliyetaka kumharibia siku.

"Imeangukaje?" fundi akauliza.

"Upepo."

"Upepo gani, shemeji?" akasema mwanamke aliyesimama mlangoni. "Ilikuwa inakuja kwako, kushoto kwake ni kulia kwako. Umechanganya, ikanijia mimi."

Huyo alikuwa shemeji wa Kapteni, mdogo wa marehemu mkewe. Alikuja kusaidia kuosha vyombo vya msiba. Vyombo havikwisha, naye hakuondoka. Umri wake ni miaka arobaini na kitu, lakini Kapteni akimtaja kwa watu humwita kijidada: kijidada kimepika, kijidada kimelala. Siku za kurusha ndege alisimamishwa mwisho wa uwanja ili aiokote ikitua. Safari hii aliinua mkono aikinge isipige pua chini, ikamgonga kwenye kifundo. Sasa kifundo kilikuwa kimevimba mpaka bangili imezama. Ndege aliibeba yeye kuja hapa, kwa mkono mzima.

"Shemeji, tukitoka hapa nipitie hospitali."

"Tukitoka hapa tuna kazi."

Fundi akachukua kisu, akaanza kukwangua gundi ya zamani penye mvunjiko. Ndege akavuta bawa lake.

Fundi akaweka kisu chini. "Tumwache apumue kidogo."

"Kwani imevunjika vibaya?" Kapteni akauliza.

"Mzee, iliyovunjika ni feni hiyo hapo. Huyu amevunjika."

Kapteni akavua kofia. "Samahani," akamwambia ndege.

Kazi ikaendelea kama kazi nyingine yoyote: gundi, vijiti viwili, uzi wa nailoni, bendeji. Kila uzi ulipokazwa ndege alikunja mkia, na Kapteni akampulizia penye maumivu. Kisha fundi akatoa masharti. Asirushwe mpaka apone. Asilazwe penye unyevu. Anyweshwe maji kwa kijiko cha chai, na asibebeshwe kitu chochote, hata kofia.

"Na mimi je, fundi?" shemeji akanyoosha kifundo. "Si vijiti vimebaki hapo?"

Fundi akakitazama kwa makini, kwa haki kabisa. "Dada yangu, mimi wa redio na ndege. Mkono nikiufunga vibaya nitalaumiwa."

"Basi shemeji, na mimi nikiota bawa utanileta?"

Kapteni akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Ukiota, tutaona."

Nyumbani ndege akapewa kochi. Majirani wakaja kumpa pole, wakauliza kama amelala vizuri, wakapunguza sauti za watoto wao. Aliyemnywesha ni shemeji, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukukubali tena kushika kijiko. Kwa huohuo wa kushoto alipiga deki, akafua, akasonga ugali. Kila alipotaja hospitali Kapteni alijibu, "Sasa ukienda, nani atabaki naye?" Lilikuwa swali la maana, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake.

"Wewe una bahati," shemeji alimwambia ndege mchana mmoja, akimfuta midomo chini ya pangaboi la puani. "Ungekuwa ndugu, usingelala hapo."

Ndege akajisogeza ukingoni mwa kochi, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Shemeji akamshukuru. Hakukaa, jikoni kulikuwa na masufuria.

Bendeji zikafunguliwa. Ndege akaruka kutoka kwenye kochi hadi juu ya kabati, akarudi, na Kapteni akatangaza kwamba kesho wanakwenda uwanjani.

Kesho yake walikuwa ndio wanatoka, shemeji amembeba ndege mikononi, jirani mpya alipowasimamisha getini. Alikuwa muuguzi, bado amevaa sare.

"Shikamoo mzee. Nasikia humu kuna mtu alivunjika."

"Marahaba. Ndiye huyu."

Muuguzi akalipapasa bawa taratibu, akafumba macho kama wafanyavyo watu wa kazi hiyo. "Limeunga vizuri sana. Alihudumiwa mapema huyu." Vidole vikateremka chini ya bawa, vikasimama. "Lakini hapa! Hapa pameunga kombo. Hapa alitakiwa apelekwe hospitali siku ileile. Sasa hapanyooki tena."

"Wapi?" Kapteni akainama, akachungulia chini ya bawa. Vidole vya muuguzi vilikuwa vimeshika kifundo cha shemeji yake.

Kapteni akashusha pumzi, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Umenishtua, sista," akasema. "Nilidhani ni yeye."

Kisha akakiambia kijidada kifungue geti lote, bawa lisije likakwaruzika.