Sakafu ya Upande wa Walburga

Mwalimu Rupert alikuwa na gari lenye kila kitu isipokuwa mahali pa kuweka miguu. Fremu aliichomelea mwenyewe uani kwake Bombambili, kwa mabomba ya pembe nne. Injini aliitoa kwenye kigari cha abiria kilichopinduka. Usukani upo, viti viwili vipo, taa zinawaka zote mbili, moja ikitazama barabara na nyingine ikitazama mbinguni. Ila ukikaa kwenye kiti na kuinamisha macho, unaona kuku wanapita.

"Usicheke," aliniambia siku aliponiita. "Nataka sakafu."

"Sicheki. Ninyi Wangoni mlitoka kusini mpaka hapa kwa miguu. Nilidhani mnaendelea na safari ileile, ila sasa mmekaa."

Mimi ni Abdulswamadu, Myao wa Nakapanya. Yeye Mngoni wa hapahapa Songea, mwalimu mstaafu, na sisi ni watani. Kwa asiyeijua raha hii: mtani anaruhusiwa kukutukana msibani, harusini, hata mbele ya paroko, nawe ukinuna, mkosaji ni wewe.

Mkewe, Walburga, hakuwa mtani wa mtu yeyote. Miaka mitatu lile gari limekalia mahali pa banda lake la kuku, na siku hiyo alitoka jikoni na mwiko mkononi akasema yake.

"Jumamosi nakwenda Namtumbo kwa mdogo wangu Getruda. Mwanawe anapata komunyo Jumapili, nami nasubiriwa jikoni saa tatu asubuhi. Nikienda na gari hili, libaki. Nikienda na basi la saa moja, nikirudi nisilikute. Wa chuma chakavu nimeshaongea nao."

Rupert akanitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari mwanafunzi.

Kazi yangu ni vihenge vya bati, yale mapipa makubwa ya kuhifadhia mahindi. Niliiingia baada ya machimbo ya Tunduru kunifundisha kwamba mawe ya thamani yapo, ila hayapo kwenye shimo langu. Kihenge changu cha kwanza kiliingiwa na wadudu wa dumuzi, na mwenye mahindi alinikimbiza kutoka nyumbani kwake mpaka barabara kuu. Tangu hapo nabana bati kama nafunga mdomo wa shahidi.

Ijumaa asubuhi nikaanza upande wa dereva. Alumini yenyewe ilibanduliwa ubavuni mwa basi lililostaafu. Kipande kimoja bado kilikuwa na herufi DURU, mabaki ya Tunduru, nikakilaza chini ya miguu ya Rupert. Kazi haina uchawi. Unalaza bati juu ya fremu, unapima vidole viwili, vidole viwili, unatoboa bati na chuma kwa pamoja, unachomeka ribiti, kile kipini cha kushikizia bati, unaibana kwa koleo lake. Kichwa kinakaa juu, tumbo linavimba upande wa chini, mkia unakatika: tak.

"Taratibu, Myao," alisema Rupert, akinishikia bati. "Hapo humuuzii mtu kipande cha chupa ukimwambia yakuti."

"Mteja wangu wa mwisho wa yakuti alikuwa Mngoni. Aliivaa kanisani, na padri akamsifia."

Upande wa dereva ukabana vizuri. Ungeweza kuchezea ngoma ya lizombe juu yake.

Saa tisa alasiri biti ya drili ikakatika. Nilikuwa na nyingine, nene kidogo. Nikajiambia, ribiti si inavimba? Itajaza tundu. Hilo ndilo kosa la fundi wa vihenge. Kwenye kihenge, tundu likizidi unapaka lami, na maisha yanaendelea, kwa sababu mahindi hayana visigino. Nikatoboa upande wote wa abiria, yaani wa Walburga, kwa ile biti nene, nikachomeka, nikabana. Tak, tak, tak. Tatizo la ribiti ni hilo: iliyoshika na iliyodanganya zinalia sauti moja.

Jua linazama ndipo nikajaribu ribiti moja kwa kidole. Ikazunguka. Ya pili ikazunguka. Zote zilikuwa zinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Na maduka ya vifaa yalikuwa yamefungwa.

"Mtani," nikamwambia Rupert. "Huku kwa mkeo pasikanyagwe. Ribiti hazijashika."

Akacheka. "Unataka niachwe ili umuoe wewe?"

"Nasema kweli. Nimetoboa matundu makubwa. Akikanyaga, bati linashuka naye."

"Na wewe ukimpokea chini." Akacheka mpaka akashika bodi ya gari.

"Wallahi, Rupert."

"Myao akiapa, ficha pochi."

Mara tatu nilimwambia, na mara tatu alifurahi zaidi. Miaka kumi na moja ya kumdanganya kwa furaha ilikuwa imenirudia siku moja, yote kwa pamoja. Ningemwambia Walburga, lakini hapo gari lingekwenda moja kwa moja kwa wa chuma chakavu. Nikaondoka nikiomba mvua inyeshe, basi liharibike, komunyo iahirishwe.

Jumamosi saa kumi na mbili na robo asubuhi nilikuwa getini kwao. Injini inanguruma. Rupert yupo kwenye usukani, amevaa koti. Walburga kapendeza kwa kitenge kipya, kikapu mkononi, mguu mmoja umeshainuka kuingia.

"Mngoni, zima gari," nikasema.

"Mwambie mtani wako kwaheri," Rupert akamwambia mkewe, akapiga honi.

Hapo nikaona matusi yangu yote hayana kazi. Nikavua kofia, nikaikunja kifuani, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Rupert akazima injini. Ana umri wa kunizaa, lakini salamu hiyo hakuwahi kuisikia kutoka kwangu.

"Nani amekufa?"

"Bado. Ni sakafu."

Nikapiga magoti upande wa Walburga, nikasukuma bati kwa dole gumba kutoka chini. Likainuka pamoja na safu nzima ya ribiti. Walburga akarudisha mguu wake ardhini, polepole.

"Mlijua?"

"Nilimwambia mara tatu, shemeji."

"Nilidhani ananitania," akasema Rupert.

Walburga akatazama saa. Akatazama barabara ya kwenda stendi.

"Inahitaji nini?"

"Boliti na nati. Ila maduka yanafunguliwa saa mbili."

"Kitanda chetu kina boliti kumi na mbili. Kafungueni."

"Kitanda, mama?" Rupert akauliza.

"Kitanda. Tangu hilo gari lianze, kazi yake ni kutundikia nguo."

Nikatazama mawingu kwa heshima. Heshima yenyewe haikudumu.

"Mwalimu, kumbe si sakafu peke yake iliyolegea."

"Fungua boliti, wewe."

Tukafungua. Nikang'oa ribiti zilizosimama vibaya, nikapanua matundu kumi na mawili, Rupert akaponda vizibo vya soda viwe washa za kukaa chini ya nati, tukakaza mpaka spana ikalia. Walburga hakutuamini. Akaniamuru nipande nirukeruke. Nikaruka. Akamwamuru mumewe aruke, na koti lake. Akaruka. Kisha akapanda yeye, akapiga kisigino mara mbili, akaketi na kikapu magotini.

"Twende. Basi limeshaondoka, kwa hiyo usinirudishe."

Saa tatu kasoro simu ikaita. Alikuwa Walburga, na nyuma yake nilisikia masufuria.

"Tumefika."

"Sakafu?"

"Ipo. Banda la kuku mtanijengea kule nyuma ya choo." Akampa Rupert simu.

"Myao."

"Sema, Mngoni."

"Irudie ile salamu. Nimeweka spika, ukoo mzima unasikiliza."

Nikakata simu. Jumatatu nilipompelekea ribiti nene ili kitanda kirudishiwe haki yake, nilimkuta ameketi kwenye kiti getini, miguu ameikunja kama askofu. Hata sikuwahi kufungua mdomo.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."