Mkono wa Kushoto wa Mto

Asubuhi ile ya kupima, mpimaji hakuuona mstari wa unyevu kwenye mawe. Ulikuwepo, mweusi kama mshipi, upana wa kiganja juu ya maji, ukisema wazi kwamba usiku uliopita mvua ilinyesha upande mmoja tu wa milima, na kwamba maji yale mengi yalikuwa ya kupita. Lakini alikuwa msichana aliyetoka chuoni juzi tu, na macho yake yote yalikuwa kwenye saa.

Mto wenyewe ni mdogo. Huanza katika misitu ya nyanda za juu kwa mikono miwili, kila mmoja ukishuka bonde lake, kisha hukutana chini ya jabali lenye umbo la kiti. Mkataba wa nchi mbili ulisema kwamba mpaka utafuata mkono wenye maji mengi. Haukusema ni upi. Mpimaji ndiye aliyetumwa kuamua. Alifanya kama alivyofundishwa. Alinyoosha kamba ya mita thelathini kando ya maji, akatupa chungwa, akahesabu sekunde. Chungwa huzama nusu, kwa hiyo upepo hauwezi kulidanganya. Alitupa matatu katika kila mkono, akapima vina na mapana, akaandika kwamba mkono wa kulia ndio mto, na wa kushoto ni kijito chake.

Kwa maandishi hayo, nyumba kumi na tisa zilizokuwa kati ya mikono miwili zililala nchi hii zikaamkia nchi ya pili. Baada ya miezi sita wenyewe waliambiwa kwamba ni wageni, wakapewa siku moja. Mpimaji ndiye aliyewaandikisha walipofika mjini na mabunda yao. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja mjane na mwanawe wa pekee, fundi seremala, na mambo yakaenda kama yanavyokwenda: miaka miwili baadaye mpimaji aliolewa na yule seremala, na mama akawa mkwe wake.

Mama mkwe alikaa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama milima. Hakuwa mtu wa kudai. Alitaka jambo moja: siku yake ikifika, azikwe kando ya mumewe, aliyebaki kule kati ya mikono miwili, chini ya mti wa mkuyu. Kila mwaka waliomba kibali, na kila mwaka walijibiwa kwamba upande wa pili haupokei maiti za kigeni. Sasa daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba moyo wa mama umechoka.

Mwaka wa kumi na mbili, siku ya Jumanne, mkono wa kushoto ulikuja ofisini.

Ulikuwa umefuata mtaro wa barabara kilomita arobaini, ukapanda ngazi sita za mbele, ukapita chini ya kaunta na kutulia chini ya meza ya mpimaji. Aliujua mara moja kwa rangi yake ya majani makavu na kwa ubaridi wake. Tarishi, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, aliuruka na sinia lake la chai bila kumwaga tone, akauliza kama umechukua namba ya foleni. Mkuu wa ofisi alichungulia, akasema kwamba kila mwenye shida atasikilizwa kwa zamu yake.

Siku ya tatu tarishi alianza kuoshea vikombe humo.

"Mgeni siku mbili," alisema. "Ya tatu mpe jembe."

Jambo moja tu liliwafanya watu waseme kwa sauti ya chini. Maji yale hayakuakisi dari. Ukiinama ungeona anga, na chini ya anga nyumba kumi na tisa zikiwa nzima, milango wazi, ingawa ilijulikana kwamba zilibomolewa zamani. Kwenye saa nne moshi ulianza kupanda. Watu walipita wakiwa na ndoo, na nyayo zao zilisikika chini ya meza, zikilia kama mguu unaotoka topeni. Kila siku walikuwa karibu kidogo zaidi na uso wa maji. Alhamisi walikuwa wamekaa kwenye mistari na mabunda mapajani, wakitazama juu kama watu wanaongoja kuitwa.

Siku hiyohiyo chungwa moja lilielea kutoka kaunta, likagusa kiatu cha mpimaji. Likafuata la pili, na la tatu. Aliyafuta kwa kitambaa, akayapanga mezani. Kisha alichukua karatasi, akamwandikia mkuu kwamba miaka kumi na miwili iliyopita alipima maji ya mvua kwenye mkono wa kulia akidhani ni mto.

Mkuu alisoma mara mbili. Hakuwa mtu mkali. Alisema kwamba ramani haisahihishwi kwa majuto bali kwa kipimo, na kwamba, kwa bahati nzuri, toleo jipya lilikuwa karibu kuchapwa. Kamati ya nchi mbili ingepima upya mikono yote miwili Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Hapo ndipo mpimaji alipotazama chini ya meza.

Mkuu aliuandikia mkono wa kushoto barua rasmi, akiuagiza urejee kituo chake cha kazi kabla ya Ijumaa. Tarishi aliiweka juu ya maji. Ilielea hadi mlangoni, wino ukayeyuka, ikarudi nyeupe. Hakuna aliyeulaumu. Mwenye shida aliyesafiri kutoka mbali hatoki kwenye foleni kwa kuambiwa arudi kwao akasubiri. Ameshajua kwamba atakayetoka atapoteza nafasi.

Jumatano mpimaji alimleta mama mkwe. Mama alikaa kwenye benchi la wateja, akavua kandambili, akatia miguu majini. Alitazama chini kwa muda mrefu.

"Kuna anayepalilia kaburi la baba yenu," alisema. "Anapalilia vizuri."

Mpimaji aliinama karibu naye. Karibu kabisa na uso wa maji alimwona mwanamke mwenye umri wa makamo, nguo za kufua zikiwa mikononi, akimtazama yeye moja kwa moja. Alikuwa mama mkwe, wa miaka ile.

"Nilikuwa nafua siku ile," mama alisema. "Nilikuona. Machungwa yako tuliyaokota kule chini tukayala. Yalikuwa matamu."

"Mama, mawe yalikuwa yamelowa?"

"Yalilowa, mwanangu. Hata mtoto angeona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na saa mkononi. Nikasema moyoni, mwenye saa anajua."

Mpimaji alimwomba auambie mkono wa kushoto urudi, maana huenda ungemsikiliza yeye. Mama alitikisa kichwa. Alisema kwamba anajua kufukuzwa kulivyo, na hawezi kumfukuza mwingine. Lakini alipoona uso wa mkamwana wake, aliinama akanong'ona maneno machache. Maji yalitetemeka, yakasogea. Hayakusogea kuelekea mlangoni. Yalimkaribia mama, yakampanda hadi vifundoni, yakatulia.

Ijumaa kamati ilikutana chini ya jabali lenye umbo la kiti. Mkono wa kulia, mwembamba, ulipimwa kwanza. Kisha wakanyoosha kamba upande wa kushoto, na ofisa wa upande wa pili akatupa chungwa. Lilitua mchangani. Saa iliendelea kuhesabu. Waliongoja dakika tano kama kanuni inavyotaka, naye ofisa akaandika sifuri kwa mwandiko mzuri. Mpimaji alieleza kwamba maji yako ofisini kwake, chini ya meza. Ofisa alijibu kwa upole kwamba hana shaka na hilo, ila mkataba unazungumzia maji yaliyo mtoni. Maelezo yake yaliingizwa kwenye kumbukumbu za kikao chini ya "Mengineyo". Ramani ikachapwa kama ilivyokuwa.

Mama mkwe alifariki mwanzoni mwa masika. Kibali hakikutolewa, wakamzika makaburi ya mjini, kaburi la tatu kutoka uzio. Jumatatu iliyofuata mpimaji aliinama kuchukua kalamu iliyoanguka, akaona chini ya mkuyu wanawake wawili wakipalilia, mmoja mzee, mmoja wa makamo, wamepeana migongo. Alichukua kalamu, akaendelea na kazi.

Mkuu aliita fundi achimbe mfereji kwenye sakafu, kutoka kaunta hadi meza ya mpimaji, lakini maji hayakuufuata, yakabaki yametanda sakafuni. Tangu hapo, watumishi wa ofisi ile huacha viatu vyao kwenye ngazi.